Umri wa saa kuukuu husomwa usoni mwake

ANAYERITHI Rolex kuukuu kutoka kwa jamaa aliyefanya kazi Ghuba, awe Hulugho au Garissa mjini, hana budi kujua umri wake kabla ya kuiuza. Wanunuzi wajanja hutegemea ujinga wa muuzaji.

Tazama chini kabisa ya uso wa saa, penye 6, yaani pale ambapo sisi husoma saa kumi na mbili. Ikiwa tarakimu zina rangi ing'aayo gizani na pameandikwa SWISS pekee, mara nyingi saa hiyo ni ya kabla ya miaka ya 1960 kushika kasi, enzi ya rangi ya radiamu, au ni ya 1998 hivi, rangi isiyo na mionzi ilipoingia. Herufi T kando ya neno hilo huashiria tritiamu, iliyotumika katikati ya vipindi hivyo.

Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Kwa hivyo uso wa 1972 unaong'aa usiku kucha umepakwa upya au umebadilishwa. Radiamu nayo hudumu: hata mng'ao ukiisha, mionzi ingalipo. Usiifungue saa hiyo wala kuikwangua.

Jambia la Oman usoni huongeza thamani, kwani Sultan Qaboos, aliyetawala 1970 hadi 2020, aliagiza saa za aina hiyo kupitia duka la Asprey, London. Waghushi wanalijua hilo pia.

Nambari iliyochongwa ubavuni hutaja umri wa kasha tu. Isipopatana na uso, fundi alishapita hapo.