Lenzi ya Picha za Watu: Chumba Kipimwe Kwanza

Kirumba, kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, jua huwaka nje huku vyumba vikiwa na giza. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta. Hivyo adhuhuri jua huwa juu ya paa, na mwanga upenyao dirishani huwa hafifu. Katika chumba kama hicho, chenye urefu wa mita 4, mpiga picha hutakiwa kutoa picha ya kitambulisho au ya familia. Picha ikiharibika, lawama hutupiwa kamera. Aghalabu kosa limo katika uchaguzi wa lenzi.

Umbali na sura

Picha ya kichwa na mabega huhitaji eneo lenye kimo cha sentimita 60 hivi. Kwa kamera ya filamu ya milimita 35, ambayo fremu yake ni milimita 24 kwa 36, lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 28 itamlazimu mpiga picha kusimama sentimita 50 tu kutoka kwa mteja. Lenzi ya milimita 50 yataka sentimita 88. Ile ya milimita 85 yataka mita 1.5.

Masikio yako nyuma ya ncha ya pua kwa sentimita 12 hivi. Kwa umbali wa sentimita 50, pua hukuzwa kwa asilimia 24 zaidi ya masikio. Kwa mita 1.5, tofauti hiyo hushuka hadi asilimia 8. Basi si lenzi iharibuyo sura, bali ni ule ukaribu unaolazimishwa na lenzi fupi.

Je, lenzi ya milimita 85 yafaa kila mahali? La. Kumpiga picha mtu mzima aliyesimama kwaihitaji mita 4.8, na chumba chetu hakifiki. Lenzi ya milimita 50 yahitaji mita 2.8 tu. Katika kamera nyingi za kidijitali, ambazo kihisi mwanga chake ni kidogo kuliko fremu ya filamu kwa mara 1.5, milimita 50 hufanya kazi kama 75. Hapo hufaa zaidi kwa uso, na milimita 35 kwa mwili mzima.

Upana wa tundu

Namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu lipitishalo mwanga. Kwa kuwa eneo la tundu hufuata mraba wa kipenyo, f/2 hupitisha mwanga mara 4 ya f/4. Picha iliyohitaji 1/15 ya sekunde sasa yahitaji 1/60, na mtoto asiyetulia hupata picha isiyo na ukungu. Mwaka 1840, mjini Vienna, mwanahisabati Joseph Petzval alibuni lenzi ya picha za watu iliyopitisha mwanga zaidi ya mara 10 ya zile za kamera za Daguerre. Watu wakaacha kukaa kimya kwa dakika kadhaa mbele ya kamera.

Kipima mwanga cha kamera hukadiria kila kitu kuwa na weupe wa wastani. Mbele ya pazia jeupe hupunguza mwanga, na uso mweusi hugeuka kivuli kisichotambulika. Kitambulisho cha namna hiyo hakimtambulishi mtu. Dawa yake ni kupima mwanga usoni, si pazianí, kisha kufungua tundu ipasavyo; na lenzi yenye tundu dogo haina nafasi ya kufunguka.

Hata hivyo, tundu pana lina gharama yake. Lenzi ya milimita 85 kwa f/2, umbali wa mita 1.5, huonyesha vizuri kina cha sentimita 4 hivi tu. Kwa hiyo fokasi huwekwa machoni.

Jaribio

Wanafunzi na wachukue kamera yoyote, hata ya simu, wampige mwenzao picha kwa sentimita 50, kisha kwa sentimita 150. Wakuze picha ya pili hadi nyuso zilingane, ndipo wapime kwa rula upana wa pua katika kila picha. Tarakimu zitawafundisha kabla ya pesa kutumika.