Posho ya Ulemavu Uingereza kwa Mwenye Maumivu ya Mishipa ya Fahamu

Kwa kuwa watu wengi wa Afrika ya Mashariki sasa wanakaa Uingereza, na jamaa zao huku huombwa shauri wapatapo shida, tumeona yafaa kueleza namna mgonjwa aombavyo posho ya Serikali ya huko iitwayo PIP.

Maumivu ya mishipa ya fahamu hayaonekani kwa macho. Pengine huja kwa ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, pengine baada ya mkanda wa jeshi, pengine mshipa ukibanwa mgongoni. Mgonjwa husikia moto, au sindano, au ganzi, wala ngozi haina jeraha. Amtazamaye humdhani mzima, na hapo ndipo taabu ya kuomba posho ilipo.

Posho hii ilianzishwa mwaka 2013 (Scotland imekuwa na posho yake yenyewe tangu 2022). Hata mwenye kazi na mshahara aweza kupewa. Lakini halipwi mtu kwa jina la ugonjwa wake; hulipwa kwa yale ambayo ugonjwa umemzuia kuyafanya, na hili waombaji wengi hawalifahamu. Hujaza hati kwa majina ya dawa na ya madaktari, wakasahau kusema kwamba hawawezi kumenya kiazi.

Hati huuliza mambo 10 ya maisha ya kila siku, kama kupika, kula, kuoga, kuvaa na kwenda choo, na mambo 2 ya mwendo. Kila jambo lina alama zake. Apataye alama 8 katika fungu moja hupewa kiwango cha kawaida, na apataye 12 hupewa kiwango cha juu. Kwa mfano, asiyeweza kutembea zaidi ya meta 20 hupata alama 12 za mwendo. Tena yapasa shida hiyo iwe imekwisha kuwapo miezi 3, na iwe yatazamiwa kuendelea miezi 9 mbele.

Sheria yenyewe ni ya haki kuliko watu wadhanivyo. Husema kwamba mtu hahesabiwi kuwa aweza jambo ila awe aweza kulifanya kwa salama, kwa namna ifaayo, mara kwa mara kila ihitajiwapo, na pasipo kutumia zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu mzima. Basi aliyefika dukani kisha akalala siku nzima kwa maumivu asiandike, "Naweza kwenda dukani." Na mwenye ganzi vidoleni asiyejua kama sufuria ni ya moto hapiki kwa salama. Kwa kuwa maumivu haya hupanda na kushuka, hutazamwa hali iliyopo zaidi ya nusu ya siku za mwaka. Kwa hiyo tunashauri daftari: kila siku mgonjwa aandike lililomshinda, na saa alizolala.

Baadaye mganga au muuguzi humhoji, mara nyingi kwa simu. Desturi yetu hapa hutuponza. Kwetu mtu huulizwa hujambo naye hujibu sijambo, hata kama hakufumba jicho usiku kucha. Huko jibu hilo laweza kuandikwa kuwa ushahidi. Mwulizwa na aseme hali yake ilivyo, asiongeze wala asipunguze.

Kabla ya hayo yote, mgeni na aisome viza yake. Ikiwa ina sharti la kutotumia fedha za umma, asipeleke maombi kabla ya kumwuliza mwanasheria wa mambo ya uhamiaji, kwani aweza kuharibu haki yake ya kukaa. Kwa kawaida hutakiwa pia awe amekaa nchini angalau miaka 2 katika 3 iliyopita.

Akikataliwa, ana mwezi 1 wa kuomba shauri litazamwe upya. Na likikataliwa tena, ana mwezi 1 mwingine wa kupeleka rufani. Rufani haina ada. Huketi hakimu, daktari, na mtu ajuaye mambo ya ulemavu, nao si watumishi wa idara iliyokataa. Mbele yao daftari lile huwa na kazi kubwa, maana waweza kuliuliza siku kwa siku.