Kabla Hujatupa Kokwa

Msimu wa maembe unapofika, ndoo ya taka jikoni hujaa kokwa kabla ya jioni. Inzi huongezeka, na mama ndiye anayeibeba ndoo hiyo kwenda jalalani. Wengi wetu tumezoea kwamba tunda likishaliwa, kilichobaki ni uchafu. Lakini kokwa zina kazi nyingi nyumbani, na nyingine zinaweza kumwingizia mama fedha. Zipo pia zinazodhuru. Sisi tulio katika kazi ya uuguzi hatuna budi kuyaeleza yote mawili.

Kuotesha miche

Kokwa ya embe ioshwe vizuri, ianikwe kivulini siku moja au mbili, kisha ipasuliwe ukingoni kwa kisu, taratibu, bila kukijeruhi kiini. Kiini hicho tukipande katika kopo lililotobolewa chini au katika kiriba chenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Upande wenye mgongo uelekee juu, na udongo wa kufunika usizidi sentimita tatu. Tukimwagilia bila kulowesha mno, mche huchomoza baada ya wiki mbili au tatu.

Kokwa ya parachichi hukaa upande mpana chini na ncha juu, ncha ikiwa sawa na uso wa udongo. Hii isikaushwe kwa siku nyingi, maana hupoteza uwezo wa kuota. Tusubiri mwezi mmoja hadi miwili.

Mti wa kokwa huchukua miaka mingi kuzaa, na matunda yake huenda yasifanane na ya mti mama. Hata hivyo, mche ukifikia unene wa penseli unaweza kubebeshwa. Wanaouza miche ya parachichi aina ya Hass huotesha kwanza kokwa za maparachichi ya kienyeji, kisha hubebesha Hass juu yake. Hivyo basi, kwa mama anayeishi sehemu za baridi kama Njombe au Rungwe, kokwa za jikoni zinaweza kuwa mwanzo wa kitalu kidogo. Afisa kilimo wa kata anaweza kuulizwa namna ya kubebesha.

Kokwa za kuliwa

Mbegu za fenesi ni chakula kizuri, na wenzetu wa Tanga na Unguja wanazijua. Zioshwe utelezi wote uishe, zichemshwe na chumvi kwa dakika 20 hadi 30 mpaka zilainike, kisha zimenywe. Huliwa hivyo hivyo na chai, au huungwa kwa nazi kama mboga. Zisiliwe mbichi, maana huchafua tumbo.

Rangi ya kitambaa

Kokwa na maganda ya maparachichi matano au sita, yakichemshwa polepole katika lita mbili za maji kwa muda wa saa moja, hutoa rangi nyekundu. Chuja, kisha tumbukiza kitambaa cheupe cha pamba kilicholoweshwa, ukiache usiku kucha. Asubuhi kitakuwa na rangi ya waridi iliyopoa. Kisuuzwe, kianikwe kivulini. Chombo kisiwe na kutu, kwani kutu huigeuza rangi kuwa ya kijivu. Vitambaa vya meza na foronya za mito hupendeza sana kwa rangi hii.

Hesabu na michezo

Kokwa za ukwaju na za tende zikioshwa na kukaushwa huwafaa watoto wa shule kujifunzia kujumlisha na kutoa, au kuwa kete za bao. Lakini zisiachwe mahali penye mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kokwa laini huteleza kooni upesi.

Mtoto aliyepaliwa, asiyeweza kulia wala kukohoa, ainamishwe kichwa kikiwa chini, apigwe kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Isipotoka, aliyezidi mwaka mmoja akumbatiwe kwa nyuma, abinywe tumbo juu ya kitovu kwa nguvu ya kuelekea juu, mara tano. Mtoto mchanga habinywi tumbo. Hubonyezwa kifua kwa vidole viwili. Rudia huku mwingine akitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, maana utaisukuma kokwa ndani zaidi.

Zenye sumu

Ndani ya kokwa ngumu ya pichi na ya plamu mna kiini kichungu. Kikitafunwa hutoa sumu ya jamii ile ile iliyomo katika mihogo michungu. Watoto wa Lushoto na kwingine kunakolimwa matunda haya wakatazwe kuzivunja. Mbegu za stafeli na topetope pia zina sumu. Wako wanaozisaga ili kuua chawa kichwani. Unga huo ukiingia machoni huyaumiza vibaya.

Kokwa si vidonge

Siku hizi kuna ujumbe unaozunguka katika simu, kwamba unga wa kokwa ya parachichi hutibu shinikizo la damu na kisukari. Hakuna kipimo cha unga huo kilichothibitishwa kuwa ni salama na kwamba kinaponya. Shinikizo la damu mara nyingi halina maumivu. Mama aliyeacha vidonge anaweza kujiona mzima kabisa, huku mishipa yake ikiendelea kuharibika, hadi siku anapopata kiharusi. Aliyeandikiwa dawa aendelee nazo, na akitaka kubadili lolote, amweleze kwanza daktari au muuguzi wake.

Basi, tuwe na kikapu cha kokwa karibu na jiko. Jumamosi tukae na watoto tuzichambue: za kupanda huku, za kuchemsha huku, za rangi huku. Zilizobaki zifukiwe shimoni ziwe mboji, na zenye sumu zifukiwe mbali na mikono ya wadogo.