Fahamu: Wae Rebo, kijiji cha Indonesia kisichofikika kwa gari

Wae Rebo iko milimani, mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, katika kisiwa cha Flores. Kutoka kijiji cha Denge unapanda kwa miguu kwa saa kadhaa, msitu mtupu. Huko juu zimesimama nyumba saba za msonge za Wamanggarai, ziitwazo mbaru niang. Kila moja ina ghorofa tano chini ya paa linaloshuka karibu hadi ardhini: familia kadhaa huishi chini, chakula na mbegu huhifadhiwa juu. Ukarabati wa nyumba hizo ulipata tuzo ya UNESCO mwaka 2012. Mgeni hupokewa kwanza kwa tambiko katika nyumba kuu, kamera isubiri.

Na kuwekeza kwa kununua ardhi huko? Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inamnyima raia wa kigeni umiliki kamili. Anaweza kupewa haki ya kutumia kwa muda tu. Wapo wanaoandikisha kiwanja kwa jina la mwenyeji. Usithubutu: mahakamani mkataba wa namna hiyo ni batili. Kwa maoni yangu, aliyekipenda kijiji hiki alale kwa wenyeji, alipe, na anunue kahawa wanayoilima wenyewe.