KUOSHA KUTA ZA NJE ZA NYUMBA: ZANA NA NJIA ZINAZOFAA

Masika ya kila mwaka huacha alama zake juu ya kuta za nyumba za Unguja na Pemba. Chini ya milizamu ukuta hugeuka kijani kwa ukoga, pembe zisizopata jua huwa nyeusi kwa kuvu, na kuta zinazotazama barabara hushika tope na vumbi. Ifikapo mwezi wa Juni, wenye nyumba na wakuu wa ofisi huanza kutafuta watu wa kuziosha. Mashine za kuoshea kwa maji ya nguvu, zilezile zinazotumika kuoshea magari, siku hizi hupatikana kwa urahisi, na wapo wanaodhani kuwa ndizo jawabu la kila ukuta. Sivyo. Kabla ya kuchaguliwa chombo, yapasa kwanza ijulikane ukuta wenyewe umejengwa kwa nini.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na juu yake kupigwa lipu ya chokaa. Dari zake hubebwa na boriti ambazo ncha zake zimezama ndani ya ukuta. Ukuta wa namna hii ni mnene, lakini si mgumu. Jiwe la matumbawe lina matundu mengi madogo, na chokaa ni laini kuliko saruji. Hunyonya maji wakati wa mvua na kuyatoa polepole wakati wa jua, na ndiyo maana nyumba hizi zimeweza kusimama kwa zaidi ya karne moja katika hewa ya bahari yenye chumvi. Maji yakiingia mengi kuliko yanayotoka, madhara huanza ndani, mahali pasipoonekana: udongo uliofungia mawe hulainika, ncha za boriti huoza, na chumvi iliyomo ukutani huyeyuka na kusogea. Ukuta unapokauka chumvi hiyo huganda upya chini ya lipu na kuisukuma nje hadi ikabanduka.

Sasa itazamwe kazi ya mashine. Mashine ndogo za umeme hutoa maji kwa mgandamizo wa bar 100 hadi 150. Bar moja ni takriban uzito wa kilo moja juu ya eneo la sentimita moja ya mraba. Bomba la nyumbani, hata likiwa na nguvu, mara nyingi halizidi bar 4. Maji yenye nguvu hizo yakielekezwa kwa karibu juu ya lipu ya chokaa, hayaondoi uchafu tu, bali huchimba lipu yenyewe, hupenya katika kila ufa na kuusukumia unyevu ndani kabisa ya ukuta. Siku ya kwanza nyumba huonekana imetakata. Baada ya miezi kadhaa lipu huanza kutoa unga, kisha mapande yake huanguka njiani. Mwenye nyumba hulaumu mvua.

Hatari ya majengo haya si ya kubuni. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Ajali hiyo haikuletwa na uoshaji wa kuta, lakini inatosha kuonyesha kwamba jengo la zamani huweza kudhoofika huku sura yake ya nje ikiendelea kupendeza, na kwamba wapita njia na majirani nao wamo hatarini.

Kwa kuta za matumbawe na chokaa, basi, zana zifaazo ni zile za siku zote: ndoo, mpira wa maji wa kawaida, na brashi ya nyuzi laini. Kumbi la nazi lililopondwa nalo hufanya kazi nzuri kwa bei isiyomshinda mtu. Brashi ya waya haifai kabisa, kwa kuwa hukwaruza lipu na huacha chembe za chuma zinazoota kutu. Kazi ianze na ufagio mkavu, hususan penye unga mweupe wa chumvi. Unga huo usioshwe kwa maji, kwani maji huurudisha ndani. Hufagiliwa, hukusanywa na kutupwa. Ukoga nao hukwanguliwa kwa kipande cha ubao, kisha sehemu husuguliwa kwa maji machache. Ni bora kazi hii ifanywe asubuhi, sehemu baada ya sehemu, ili ukuta upate mchana mzima wa kukauka.

Wengi huuliza kuhusu dawa. Dawa ya klorini ijulikanayo kama jiki huua kuvu, lakini huacha chumvi, na ukuta wa matumbawe una chumvi ya kutosha tayari. Asidi za kusafishia vyoo ndizo mbaya zaidi, kwani huyeyusha chokaa palepale. Lile povu linaloonekana kuchemka juu ya ukuta ni ukuta wenyewe unaoliwa. Tena jiki isichanganywe kamwe na asidi wala na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe hewa hiyo haina pa kukimbilia.

Dawa bora ya ukuta wa chokaa ni chokaa yenyewe. Ukuta ukishasafishwa na kukauka, hupakwa chokaa iliyozimwa vizuri, ikachujwa na kulainishwa kwa maji hadi ikawa kama maziwa. Kwanza ukuta hunyunyiziwa maji kidogo, kisha hupakwa mikono mitatu au zaidi iliyo myepesi, na kila mkono huachwa siku moja kabla ya mwingine. Mpakaji asishtuke akiona ukuta haujawa mweupe mara moja. Weupe huja kadiri chokaa inavyokauka na kuvuta hewa. Ukali wa chokaa huzuia kuvu isiote haraka, na ukuta huendelea kupumua, jambo ambalo rangi ya plastiki hulizuia. Wafanyakazi wavae miwani na glavu, kwani chokaa huunguza macho na ngozi. Likiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi mengi bila kukoma na mtu apelekwe hospitali.

Milango ya nakshi isiguswe na mashine, wala isimwagiwe maji wakati ukuta unaoshwa. Ifunikwe kwa turubai. Kwa usafi wake yatosha brashi laini kavu ya kutoa vumbi katika nakshi, na kitambaa kilichokamuliwa. Njumu za shaba watu wamezoea kuzisugua kwa ukwaju au limau na majivu. Shaba hung'ara kweli, lakini maji yake makali yakishuka juu ya mbao huacha madoa. Kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa tundu la ukubwa wa njumu huzuia madhara hayo, na mtoto yeyote aweza kukikata.

Nyumba za matofali ya saruji zenye lipu ya saruji, ambazo ndizo nyingi Ng'ambo na mashamba, zina ustahimilivu mkubwa zaidi, na huko mashine inaweza kutumika kwa uangalifu. Itumiwe ncha inayotandaza maji kama upepeo, ya nyuzi 40, na isitumiwe ile inayotoa mchirizi mmoja mwembamba. Mshikaji asimame umbali wa nusu mita au zaidi, na maji yasielekezwe juu kwa juu kwenye madirisha, swichi, mita ya umeme wala chini ya bati. Ukuta hulowanishwa na kupakwa sabuni kuanzia chini kwenda juu, ili michirizi ya sabuni isikaukie juu ya ukuta mkavu na kuacha mistari. Kusuuza huanzia juu kwenda chini. Penye kuvu yaweza kutumika jiki, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, ikaachwa dakika kumi kisha ikasuuzwa. Rangi ya mafuta ya zamani inayobanduka ichukuliwe kwa tahadhari, kwani huenda ina madini ya risasi: isirushwe kwa mashine, na maganda yake yasiachwe watoto wanapochezea.

Mashine ndogo hutumia lita 6 hadi 8 za maji kwa dakika, yaani lita 360 hadi 480 kwa saa, sawa na ndoo 18 hadi 24 za lita 20. Mtaa unaopata maji kwa zamu ulifikirie hilo. Waya wa mashine upitie katika swichi inayokata umeme wenyewe panapotokea hitilafu, na maungio yake yasilazwe juu ya sakafu iliyolowa. Mtu asishike mashine akiwa juu ya ngazi, kwani msukumo wa maji humrudisha nyuma. Kwa majumba ya ghorofa ya zege kama yale ya Michenzani, kazi ya juu ifanywe na watu wenye jukwaa na mikanda, na wakaazi waarifiwe siku moja kabla ili waanue nguo zao.

Paa la bati hufagiliwa na kuoshwa kwa maji ya kawaida. Bomba la kupeleka maji ya mvua kwenye tangi lifunguliwe kwanza. Paa la asbesto lisioshwe kwa mashine wala kusuguliwa, kwani nyuzi zake zikiingia mapafuni huleta maradhi yasiyotibika.

Maofisa wanaosimamia majengo ya Serikali, skuli na zahanati wanapaswa kuyaandika mambo haya ndani ya mkataba. Mzabuni anayetaja bei ndogo kwa kila mita ya mraba mara nyingi ni yule anayekusudia kumaliza kazi kwa mashine ndani ya siku moja. Mkataba utaje njia itakayotumika kwa kila aina ya ukuta, dawa zilizokatazwa, na nani atakayelipia lipu itakayoharibika. Aidha, kabla ya kazi kuanza, fundi aoshe kipande cha mita moja ya mraba mahali pasipoonekana sana, kiachwe kikauke kwa siku chache, kisha kipapaswe kwa mkono. Kiganja kikitoka na unga au mchanga, njia hiyo ibadilishwe.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kazi zinazogusa sura ya nje ya majengo yake ziko chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mwenye nyumba anayekusudia kubandua lipu, kubadili rangi au kupiga saruji baada ya kuosha, na afike kwanza katika ofisi za Mamlaka kuuliza kibali, akiwa na picha ya ukuta unaohusika.