Mbwa Anayejikuna

Vijijini kwetu, Kasongo na Kabambare, mbwa ni msaidizi wa mwindaji. Wakubwa wanapokwenda porini humfunga kengele ya mti shingoni, maana mbwa wa kwetu habweki sana, na bila kengele hawajui amepita wapi katika majani marefu. Mbwa wa namna hii walipelekwa Uingereza katika miaka ya 1930, wakaitwa basenji. Mbwa hutafuta ndezi na paa, tena hulinda nyumba usiku.

Lakini akipata ugonjwa wa ngozi hawezi kazi hizo. Hujikuna mchana na usiku, hutoka vidonda, hukonda. Mwishowe watu humfukuza kwa mawe wakisema amerogwa. Sivyo, watoto. Mbwa huyo ana sababu ya kujikuna. Tukiijua sababu, tutaweza kumsaidia.

Mahali anapojikuna hutuonyesha sababu.

Sababu ya kwanza ni viroboto. Mbwa hujiuma mgongoni karibu na mkia. Tazameni kati ya manyoya: mkiona chembe nyeusi, ziwekeni juu ya kitambaa cheupe chenye maji. Zikigeuka nyekundu, si vumbi. Ni mavi ya viroboto, nayo yametokana na damu ya mbwa.

Sababu ya pili ni upele. Manyoya hunyonyoka pembeni mwa masikio, kwenye viwiko na tumboni, na ngozi hufanya magamba. Upele huletwa na kidudu mdogo sana. Urefu wake haufiki nusu milimita. Mwaka 1687 Mtaliano mmoja, Giovanni Cosimo Bonomo, alimtazama kwa hadubini akaandika habari zake. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Upele wa mbwa hupita kwa watu. Mtoto anayelala na mbwa mwenye upele huanza kujikuna mikononi na tumboni. Lakini kidudu wa mbwa hastawi katika ngozi ya mtu, kwa hiyo mwasho huo huisha mbwa akitibiwa.

Sababu ya tatu ni mzio. Maana yake ni hii: mwili hupigana na kitu kisicho adui, kama vumbi, au unga wa maua ya majani. Mtu mwenye mzio hupiga chafya; mbwa zaidi hujikuna. Hulamba nyayo, hukuna masikio, makwapa na tumbo. Mara nyingi mwasho hurudi kila mwaka majira yale yale. Lakini akilamba nyayo, tazameni kwanza kama hana funza. Funza hakuwako Afrika zamani. Aliletwa kwa meli kutoka Brazili mpaka Angola mwaka 1872, akaenea bara zima.

Basi, tufanyeje?

Kwanza, mwosheni mbwa mara moja kwa juma kwa maji na sabuni. Maji yasiwe ya moto, maana joto huzidisha mwasho. Acheni povu mwilini dakika 10, kisha msuuzeni vizuri, kwani sabuni ikibaki nayo huwasha. Msimwoshe mahali watu wanapochota maji.

Pili, safisheni mahali anapolala. Kiroboto jike aweza kutaga mayai 40 kwa siku moja. Mayai huanguka chini, na watoto wa viroboto hukua katika vumbi. Mkimwosha mbwa na kuacha kilalio chake kichafu, mmefanya nusu ya kazi. Fagieni kila siku. Majani ya kilalio yachomwe mbali na nyumba. Gunia lifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Tatu, mbwa mwenye mzio afutwe miguu na tumbo kwa kitambaa chenye maji safi kila atokapo majanini. Mzio hauishi kabisa, lakini mwasho hupungua.

Nne, upele unataka dawa, na kazi hiyo ni ya mtu mzima. Salfa iliyochanganywa na mafuta ni dawa ya tangu zamani. Mayai yaliyomo ngozini huendelea kuanguliwa, kwa hiyo dawa hurudiwa kwa majuma kadhaa, na mbwa wote wa nyumba hutibiwa pamoja. Daktari wa mifugo anaweza kutumia pia ivermektini. Ni dawa ile ile inayogawiwa watu katika nchi yetu kwa ajili ya kuzuia upofu wa mtoni. Waliovumbua asili yake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini msimpe mbwa vidonge vya watu. Kipimo hufuata uzito, na kikizidi chaweza kumwua.

Tena msimpake petroli, wala mafuta machafu ya motokari, wala dawa ya wadudu wa shamba. Mbwa hujilamba: sumu iliyo ngozini itaingia tumboni.

Sikilizeni neno moja zaidi. Mbwa akibadilika tabia, akatokwa na mate mengi na kuuma ovyo, huo si upele. Huenda ni kichaa cha mbwa. Msimkaribie, waiteni wakubwa. Mtu akiumwa, aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, aende hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo.

Mnakumbuka safari ya Tobia pamoja na malaika Rafaeli: mbwa alifuatana nao njiani. Mungu ametupa wanyama watusaidie. Hakutupa ruhusa ya kuwatesa. Mbwa aliyewaletea nyama kiangazi kilichopita, akiugua leo, ana haki ya kupata maji, sabuni na kilalio safi.

Maulizo
1. Kwa nini mbwa wa kuwinda hufungwa kengele?
2. Utajuaje kama chembe nyeusi ni mavi ya viroboto?
3. Kwa nini dawa ya upele hurudiwa?
4. Mtu aliyeumwa na mbwa afanye nini kwanza?