Fahamu: Msawazo wa walimu

Mwalimu wa shule ya serikali Tanzania Bara hapangiwi kituo na wazazi wa kijiji wala na mwalimu mkuu, bali serikali kuu humkabidhi kwa halmashauri, nayo halmashauri humpeleka shuleni kwa kufuata ikama, yaani hesabu ya walimu waipasao shule kwa wingi wa wanafunzi wake; na kwa shule ya msingi kadiri iliyokusudiwa ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45.

Walakini, tangu elimu bila malipo ilipofikishwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na watoto wakafurika madarasani, kadiri hiyo imekuwa taabu kuitimiza, hasa mashambani, kwani walimu aghalabu huvutwa na miji, penye nyumba, maji na hospitali, na wengi huomba uhamisho ili kuwafuata wenzi wao wa ndoa, udhuru ambao mtu muungwana hawezi kuudharau.

Ndipo hufanywa msawazo, nao ni kuwaondoa waliozidi na kuwapeleka penye upungufu, kama ilivyokuwa mwaka 2017, walimu wa masomo ya sanaa wa sekondari walipohamishiwa shule za msingi, ilhali wale wa sayansi na hisabati walikuwa haba.

Aombaye uhamisho mwenyewe hujigharimia. Ahamishwaye kwa amri ana haki ya kulipwa nauli, mizigo na posho. Madai ya namna hii yamelimbikizana miaka mingi, na hiyo ni dhuluma. Halmashauri na zisitoe barua ya uhamisho kabla fedha yake haijapatikana.